Joto Katika Ghala la Muamba

Bei ya mshumaa ilikuwa imepanda kidogo tu. Godelieve Mbayo aliuliza sokoni kwa mama mwuzaji wa kwanza, akauliza kwa wa pili, akavuka matope mpaka upande wa samaki wa chumvi akauliza kwa wa tatu, na jibu likawa lilelile. Jambo hilo lilimkera. Alitaka sana mshumaa uwe umeruka, maana ungeruka angekuwa na sababu nyepesi ya kuandika katika ripoti yake ya kupanda kwa makaa, na kazi ingeishia hapo.

"Una hakika, mama?"

"Mama inspekta, buji imepanda sawa na chumbi, sawa na sabuni. Kidogo-kidogo, vile bitu yote inapanda. Nikiirusha, nani atanunua?"

"Na petroli ya taa?"

"Vilevile. Ni makala tu, makala ya kupikia, njo inatuua. Mufuko moja leo, bei ya mifuko tatu ya mwezi ilipita! Ni yule Muamba. Bamuache mu kasho mpaka aoze."

Godelieve alishukuru, akasogea. Alikuwa mkaguzi wa bei mjini Kolwezi, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, mwenye miguu isiyotulia hata akiwa ameketi. Kila wiki alizunguka masoko kuuliza bei ya vile ambavyo watu wanapikia na kumulikia: makaa, kuni, petroli ya taa, mishumaa. Ofisini kwao waliamini kwamba ukijua nyumba inalipa kiasi gani ili jiko liwake, umejua maisha yamepanda kiasi gani. Nyama mtu anaweza kuiacha mwezi mzima, lakini maharage hayajawahi kuiva kwa maombi. Mwaka huo wa 1993 serikali ilikuwa imesahau kulipa mishahara, na bei iliyoamka asubuhi haikuwa ile iliyokwenda kulala. Yeye aliendelea kuzunguka. Wenzake walimcheka, naye aliwajibu tu kwamba kukaa ndani kulimshinda.

Sasa makaa yalikuwa yameruka mara tatu, na mji mzima ulikuwa na sababu yake mdomoni. Watu wapole walisema ni umeme: waya za kutoka bwawa la Nzilo zimekatwa, waliozoea majiko ya umeme katika nyumba za kampuni wamerudi kwenye mbabula, majiko ya makaa, kwa hiyo makaa yanagombaniwa. Watu wakali walisema ni Muamba. Huyu Muamba alikuwa mfanyabiashara wa makaa, Mkasai, yaani mtu wa asili ya jimbo la Kasai, aliyezaliwa hapahapa Kolwezi baada ya baba yake kuletwa kuchimba shaba. Alikuwa amefungwa kasho, katika mahabusu ya polisi, karibu wiki mbili, akishtakiwa kwamba ameficha makaa katika ghala lake ili bei ipande.

Sababu ya umeme ilikufa pale kwenye meza ya mishumaa. Umeme ukikatika watu hawatafuti moto wa kupikia tu, wanatafuta na mwanga. Mishumaa na petroli vingepaa pamoja na makaa, lakini havikupaa. Basi haikuwa kwamba watu walitaka moto zaidi. Makaa yenyewe yalikuwa yamezuiwa mahali fulani, na hilo, kwa bahati mbaya, lilimrudisha Godelieve moja kwa moja kwa Muamba.

Alikuwa bado anatafuna wazo hilo aliposikia akiitwa.

"Yaya! Yaya Godelieve!"

Mbelu, mke wa Muamba, alikuwa anakuja mbio kati ya meza, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni. Wanawake wawili waliokuwa wanamenya mihogo walisonya alipopita. Godelieve alimshika mkono akamvuta nyuma ya kibanda. Walikuwa wamelazwa pamoja wodi ya wazazi, kitanda kwa kitanda, kila mmoja na mtoto wake wa kwanza, na tangu siku hiyo Mbelu alimwita dada.

"Bameleta locomotive, yaya. Train inaenda leo, nyuma ya muchana. Ingine hawajui itakuya lini."

"Batoto beko wapi?"

"Beko mu wagon tayari na ndugu yangu. Mi nilishuka. Nitaenda namna gani bila bwana yangu?" Akafunga tena kitambaa cha kichwa. "Na bajeunes, bale bijana ba mutaa, banasema, train ikishaenda, beko nakuya kumutosha ku kasho. Banasema pale hakutabakia tena muntu wa kumulilia."

Godelieve alijua kwamba hayo hayakuwa maneno ya kutishia tu. Wakasai walikuwa wamejaa kituo cha treni kwa wiki kadhaa, wamefukuzwa na wenyeji wa jimbo kutoka nyumba walizozijenga wenyewe, wanalala juu ya mabegi, wanapikia milango ya makabati yao kwa kuwa hakuna aliyeweza kununua makaa. Watu walikuwa wanakufa pale kwa kuhara. Kifo cha mfungwa mmoja kisingeulizwa na mtu.

"Mbelu, uniambie kweli. Depo yake ilikuwa na makala?"

"Mifuko mbili ya kupikia kwetu. Ingine yote alishauzisha bei ya kutupa, siku ile balianza kuchoma manyumba. Kalenga, chef yenu, alikuya kufunga depo na muhuri, mi nilikuwa nasimama pale. Ilikuwa tupu, yaya. Unaweza kufagia."

"Lakini bantu bamechungulia. Iko imejaa mpaka juu."

"Ile njo inanishinda."

"Rudia ku gare. Usipande, usiondoke. Nitakuya."

Alisema "nitakuya" kwa sauti ya mtu mwenye hakika, ingawa hakuwa na hakika yoyote, akaelekea kwenye ghala.

Ghala la Muamba lilikuwa nyuma ya reli, chumba cha matofali chenye paa la bati na tundu moja la hewa. Siku zile kila mwenye hasira alipita kuchungulia kwenye tundu hilo, akaona mifuko imepangwa mpaka juu, akaondoka ameridhika. Godelieve naye alichungulia akaona mifuko. Kisha akatazama mlango. Kufuli lilikuwa mahali pake, na juu ya ufa wa mlango kulikuwa na utepe wa karatasi uliobandikwa kwa gundi na kugongwa muhuri wa ofisi yao wa wino wa zambarau. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa juzi kwa nguvu, na usiku wa kabla yake pia, ikipiga upande huohuo wa mlango mpaka rangi imebabuka. Karatasi ilikuwa kavu na imenyooka. Wino ulisomeka herufi kwa herufi. Utepe huo haukuwa wa wiki mbili zilizopita.

Alizunguka upande ambao jua lilikuwa halijafika, akaweka kiganja ukutani.

Aliondoa mkono, akaufuta kwenye kitenge, akauweka tena. Ukuta ulikuwa na joto. Alivuka akagusa ukuta wa jirani, ambao ulikuwa baridi na umelowa. Aliporudi kwenye ghala la Muamba akaona kwamba hata ardhi ya chini ya ukuta ilikuwa imekauka.

Kila anayeishi kwa makaa anajua jambo hili, na asiyeishi kwayo hawezi hata kulikisia. Makaa yaliyotoka tanurini majuzi bado yana moto ndani, ingawa ukiyashika unaona yamepoa. Mchuuzi huyaacha nje siku kadhaa, ayatandaze, ayasikilize kama bado yanatatarika, ndipo ayafungie. Ukiyarundika mabichi katika chumba kisicho na hewa yanajipasha yenyewe, na mwisho yanawaka bila kiberiti. Muamba alikuwa katika kazi hiyo tangu ujana wake, asingeweza kufunga mlango juu ya makaa mabichi hata akiwa amelewa. Zaidi ya hayo, makaa yoyote aliyoyaacha kabla ya kufungwa yangekuwa yamepoa zamani. Haya yaliyokuwa yanapasha ukuta yaliingizwa yeye akiwa kasho, na aliyeyaingiza hakuwa mtu wa makaa.

Godelieve hakuugusa mlango. Alitaka kwanza kujua yalikotoka.

Alidandia lori lililokuwa linakwenda kutafuta mihogo, akashuka kwenye barabara ya Nzilo, pale ambapo wachomaji hupanga mifuko yao kando ya njia. Kawaida angekuta mifuko michache na waendesha baiskeli wanaigombania. Siku hiyo mifuko ilienda mpaka kwenye kona na kupotelea huko, na hapakuwa na baiskeli hata moja. Mzee mmoja mchomaji, jina lake Mbuyu, alikuwa amekaa juu ya kisiki, anajikuna.

"Mufuko ni bei gani, tata?"

Alitaja bei. Godelieve alidhani hakusikia, akauliza tena. Ilikuwa chini kuliko ya mwezi uliopita, katika nchi ambayo hakuna kitu kilichowahi kushuka bei.

"Tunatupa, mama. Mvua haikuzuia kazi, makala iko mingi. Lakini ba bicyclette hawakuye tena, beko naogopa bariere, ile bajeunes balifunga mu njia. Ukipita na mifuko tatu, banakamata mbili. Banasema ni effort, muchango ya jimbo."

"Tangu lini?"

"Tangu balifunga Muamba." Mzee alitazama kushoto na kulia, kana kwamba vichaka vingemsikia. "Ule alikuwa analipa muzuri. Sipendi kusema, mama, lakini alikuwa analipa."

"Na juu ya nini hii umeitandaza chini?"

"Ilitoka mu four ya kuchomea jana. Inatafuta kupumua kwanza." Akacheka na meno yake machache. "Wale batoto ba bariere hawajue kitu. Banakamata hata ile ya asubuhi, banatupa mu kamionette, banakwenda. Siku moja itabachoma matako."

Hapo Godelieve alikuwa na mfupa wa kesi mkononi. Porini bei imeshuka, mjini imepanda, basi kisu kilikuwa kimewekwa katikati ya njia. Alianza kurudi kwa miguu, haraka, akiangalia jua.

Kizuizi kilikuwa gogo lililolazwa juu ya mapipa mawili. Vijana sita walikuwa wanacheza karata. Mkubwa wao, Dady, mlinda mlango wa zamani wa timu ya mtaa, alisimama kwa heshima alipomwona, maana alikuwa amesoma na binti yake.

"Mama inspekta! Unatembea na miguu?"

"Dady, makala iko wapi?"

"Makala gani, mama?"

"Munakamata mbili ku tatu. Hapa sioni hata kipande ya kuchomea mahindi."

Kijana alikunja uso. "Siye si bezi, mama. Hatubakishe kitu. Yote inaenda ku Leta."

"Leta gani?"

"Leta! Serikali! Kamionette inakuya mangaribi, inapakia. Balituambia batagabulia raia wakati bilulu bote batakuwa bamesha kwenda."

Alilitamka neno hilo, wadudu, kama mtu anayetaja siku ya juma. Kati ya hao wadudu alikuwapo mwalimu aliyemfundisha kusoma. Godelieve alitaka kumpiga kofi, na mkono ulinyanyuka kidogo kabla hajaushusha.

"Kamionette ni rangi gani?"

"Bleu. Taa moja ya mbele ilivunjika."

Godelieve alitazama viatu vyake, vilivyokuwa vimefumuka pande zote mbili. Alilijua gari hilo la buluu lenye chongo. Lilikuwa gari la ofisi yao, na tangu Noeli mkuu wa ofisi alikuwa anasema gia zake zimekufa, kwa hiyo wakaguzi watembee. Hasira iliyompanda ilikuwa ya kitoto kabisa. Kwa dakika nzima hakufikiria makaa wala Muamba, alifikiria miguu yake.

Kutoka kwenye kizuizi alipitia sokoni, akasema maneno machache kwa wanawake wa upande wa samaki, kisha akaenda ofisini bila kukimbia, maana mtu anayekimbia huulizwa maswali.

Kalenga, mkuu wa ofisi, alikuwa peke yake mezani. Alikuwa mtu mnene mpole, wa kaskazini ya Katanga kama Godelieve, parokia moja, na ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Shati lake lilikuwa limenyooshwa vizuri kwa pasi ya makaa, katika wiki ambayo wakubwa wote wa mji walivaa makunyanzi.

"Mama Godelieve. Rapport ya Muamba iko wapi?"

"Inakaribia kwisha, tata chef. Imebakia bitu kidogo tu. Muhuri ya kufungia milango unakaa wapi?"

"Mu tiroir yangu. Na ufunguo, mu mufuko ya suruali yangu."

"Kuko mwengine anaitumikisha?"

"Hakuna. Hata weye."

"Donc tangu ulifunga depo ile, hakuna muntu aliingia."

"Hata panya."

"Makala yote iko ndani ni ya Muamba, ya mbele ya kumufunga."

"Bantu bote baliiona na macho yabo! Mama, andika, maliza. Mambo ya hawa bantu itaisha leo. Train iko ku gare."

"Nitaandika. Ni kitu moja tu iko nanisumbua, tata chef. Depo inaanza kuwaka moto."

Kalenga alicheka. "Nani aliichoma?"

"Hakuna. Makala mubichi ukiifungia, inajichoma yenyewe. Ukuta iko moto tangu asubuhi. Saa hii nafikiri moshi imeanza kutoka mu bati."

Kiti cha Kalenga kilianguka nyuma yake. Hakuwa mtu wa kusimama ghafla, na tumbo liligonga meza mpaka kalamu zikabiringika.

"Unangojea nini basi kuniambia? Baite bantu! Batoshe kwanza ile ya karibu na mulango, ile ya juzi, ile njo—"

Godelieve alimwachia muda wa kusikia alichokisema.

"Ya juzi," Godelieve akarudia.

Kalenga aliokota kiti, akakaa. Alionekana mzee.

"Niko na batoto munane, mama. Mushahara haikuye. Unafikiri mi ni muntu mubaya?"

"Sikukuuliza ile."

"Wale banaenda tu! Akiwa na kosa, akikosa kosa, anaenda. Mi ao mwengine, anaenda. Sasa weye inakuuma nini?"

Lilikuwa swali la haki, na Godelieve alilijibu kwa kile kidogo alichokuwa nacho. "Batoto bake beko mu wagon na mama yabo anasimama chini," akasema. "Andika aachiliwe, bila kosa lolote. Kama haukuandika, tunakaa hapa siye wawili mpaka depo iishe kuwaka."

Kalenga alitazama dirishani, upande wa reli. Alivuta karatasi, akaandika mbiombio, akatoa muhuri kwenye droo na kuugonga. Wino ulikuwa wa zambarau. Godelieve aliupulizia ukakauka, akaitia karatasi kifuani.

"Sasa tuende," Kalenga akasema, tayari amesimama na ufunguo. "Tupitie njia ya nyuma. Bantu basituone."

"Bamama ba soko beko kule tayari, tata chef. Nilibaita mbele ya kukuya hapa. Balileta na ndoo."

Walipofika, moshi mwembamba ulikuwa unatoka chini ya bati. Wanawake walikuwa wengi kuliko alivyotarajia, ndoo na mabeseni vichwani, na Dady na vijana wake walikuwa wamefika pia kushangaa. Kalenga alifungua kufuli, akachana utepe. Mvuke wa joto uliwarudisha watu nyuma hatua mbili, kisha mtu akapaza sauti kwamba makala iko nzima, ni ya mbele tu inawaka, na hapo hakuna aliyesikiliza tena neno la mtu. Mifuko ilitoka ikipokezanwa, maji yakamwagwa, makaa yakafuka na kulia, wanawake wakaburuta na kubeba wawili wawili. Godelieve alipanda juu ya tofali.

"Bamama! Munisikilize! Hii makala si ya Muamba! Ni ya bariere! Muulize tata Kalenga—"

"Asante, tata chef!" mwanamke mmoja alipiga kelele akipita na mfuko. Mwingine akadakia. "Tata chef ametufungulia! Mungu amubariki!"

Kalenga, shati limelowa, alikuwa anapokea mifuko mlangoni na kuikabidhi kwa watu. Alimtazama Godelieve juu ya vichwa vyao. Hakutabasamu, bali alionekana kushangaa mwenyewe. Akaendelea kugawa.

Godelieve angebaki pale, angepasua koo, labda watu watano wangemsikia na mmoja angeamini. Honi ya treni ikalia mara moja, ndefu. Alishuka kwenye tofali akakimbia.

Polisi wa kasho alisoma karatasi akifuata mistari kwa kidole, akaisoma tena, akafungua. Muamba alitoka akifunika macho. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota mvi. Godelieve alimpa karatasi, naye akaisoma pale pale, amesimama.

"Banasema sina kosa."

"Hauna kosa, tata Muamba."

"Niko huru?"

"Uko huru."

Alivuta pumzi, mabega yakashuka. "Basi nipitie kwanza ku nyumba, nioge. Siwezi kusimama mbele ya batoto hivi."

Nyumba ya Muamba ilikuwa na watu wengine ndani tangu wiki iliyopita, na mapazia mapya. Godelieve hakuwa na namna ya kulisema jambo hilo, kwa hiyo akalisema bila namna.

"Hakuna tena nyumba, tata. Ni train tu."

Muamba alikunja karatasi mara nne, polepole, akaitia mfukoni, na wakakimbia pamoja, yeye akichechemea.

Mabehewa yalikuwa yameanza kujongea. Mbelu alikuwa kando ya reli anatembea sambamba na behewa la watoto wake, mkono mmoja umeshika ubao, anageuka nyuma kila baada ya hatua mbili, anatembea haraka zaidi, anageuka tena. Alipomwona mumewe hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kwenye kokoto, na ikabidi Godelieve na Muamba wamnyanyue, wamsukume, mikono ya watu wa ndani ikamvuta, kisha ikamvuta Muamba. Binti yao mkubwa, yule wa wodi moja na mtoto wa Godelieve, alikuwa analia kwa sauti huku anamshika baba yake masikio. Behewa lilikuwa wazi, halina paa, na wingu la mvua lilikuwa linakusanyika upande wa kaskazini walikokuwa wanakwenda. Godelieve alilia mpaka treni ikaisha, wala hakuona haya.

Kesho yake hakuweza kukaa ndani. Alikwenda soko lingine, la upande wa pili wa mji, akauliza bei ya makaa kama kawaida. Mwuzaji aliitwa Elise, mama mcheshi mwenye mtoto mgongoni, na mbele yake mifuko ilikuwa imesimama safu mbili. Alipotaja bei, Godelieve aliona kwamba ilikuwa imerudi karibu kabisa na ya zamani. Ghala lilikuwa limefunguliwa, na vijana wa kizuizi, baada ya kuona mifuko yao ilikokuwa inalala, walikuwa wametawanyika bila kuambiwa. Baiskeli zilikuwa zimerudi barabarani tangu alfajiri.

"Umeona, mama inspekta?" Elise alikuwa anang'aa. "Bakasai balikwenda jana, leo makala imeshuka! Siku moja tu! Njo tulikuwa tunasema."

"Sikiliza, mama. Haikuwa bo. Ilikuwa bariere, na Kalenga njo alikuwa anaificha."

"Kalenga? Yeye njo alifungua depo! Muzala wangu alikuwa pale, alipata mifuko mbili."

"Muamba hakukuwa na kosa. Baliandika, muhuri iko pale. Hakukuwa na kosa hata kidogo."

Elise alimtazama kwa huruma, akalifikiria jambo hilo kwa moyo mweupe, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Alimpandisha mtoto mgongoni.

"Bon, mama. Kama hakukuwa na kosa, juu ya nini bei imeshuka siku ile ile alienda?"

Godelieve alianza kueleza, kuanzia kwenye mishumaa. Maelezo yake yalikuwa hayajafika kwenye barabara ya Nzilo Elise alipomgeukia mteja mwingine.